Kampala hadi Kisoro: Siku Sita za Likizo, Mtu na Mkewe

Askari wetu wengi wamekwisha kuizunguka nchi hii yote bila ya kuiona. Ukimwuliza koplo aliyetumikia miaka kumi kama anaifahamu Kabale, atakujibu kuwa anaifahamu sana, kwani amepita huko mara sita. Lakini ukizidi kumdadisi utagundua kwamba mara zote sita alipita usiku, ndani ya lori lililofunikwa turubai, magoti yake yakigusana na magoti ya mwenzake, na alichokiona ni mgongo wa mfuko wake. Ndugu zetu mapolisi nao wanaijua barabara kwa vipande: huyu anakijua kizuizi cha hapa, yule anaijua kona ya pale penye ajali nyingi. Ama barabara nzima, toka mwanzo hadi mwisho, mchana kweupe, na umpendaye akiwa ameketi kando yako, hiyo wengi wetu hatujapata kuionja.

Sisi tunaoandika habari hii ni wawili, mtu na mkewe. Mmoja ni ofisa wa jeshi ambaye kazi yake ni uhusiano na umma, naye amerudi kutoka Somalia baada ya kumaliza zamu yake ya mwaka mmoja na ushei katika kazi ile ambayo kikosi cha kwanza cha Uganda kiliianza Mogadishu mwezi Machi 2007. Wa pili ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kisoro, aliyebaki kambini na watoto wawili. Kwa muda wote huo tulizungumza kwa simu, na simu ina tabia yake: humzoeza mtu kusema yaliyo ya lazima tu. Ada imelipwa? Imelipwa. Mtoto amepona? Amepona. Haya, lala salama. Baada ya kuonana tena, tukawa tunaendelea kusemezana hivyo hivyo, ijapokuwa sasa tulikula meza moja. Wasomaji wetu waliopata kutumikia mbali watafahamu tunalolisema, na wake zao watalifahamu zaidi.

Tena lilikuwapo jambo la kuamua. Zamu nyingine huenda ikaja, kwani ndiyo kazi yenyewe. Mwalimu alikuwa na shauri la kuomba uhamisho ili akafundishe Kisoro, karibu na mama yake mzazi ambaye umri umekwisha kumwelemea, na kuwachukua watoto wote wawili. Afande alikuwa na shauri kwamba watoto wabaki katika shule waliyoizoea. Jambo hilo lilikuwa limelala kati yetu kwa miezi mitatu kama mbwa mlangoni, kila mmoja akiliruka apite. Jamaa walitushauri kwamba akiba yetu ndogo ingefaa kununulia kiwanja kuliko kuimwaga njiani. Tulifikiri, tukaona kwamba kiwanja kisicho na watu wanaosemezana ni majani matupu. Tukachukua siku sita katika likizo, tukakabidhi watoto kwa shangazi yao, silaha ikabaki katika ghala lake, sare ikabaki sandukuni, na saa kumi na mbili ya asubuhi tukaiwasha motokaa yetu ndogo ya Kijapani ambayo ilikwisha kutumiwa na watu wengine kabla ya kutufikia.

Kutoka Kampala upande wa magharibi hakuna sifa nyingi za kutoa mpaka umalize Busega, Kyengera na Nsangi, kwani msongamano wa magari hapo humkomaza mtu kama mafunzo ya makuruti. Baada ya hapo ndipo hewa inapobadilika. Karibu na Mpigi kuna mahali paitwapo Mpambire, ambapo mafundi wa ngoma wamepanga kazi zao kando ya lami: ngoma kubwa za kimo cha mtu, na ngoma ndogo za kuchezea watoto, zote zimewambwa ngozi ya ng'ombe zikianikwa juani. Hapo tulisimama, tukanunua chapati iliyokunjwa pamoja na mayai, nyanya na kabichi, ile ambayo vijana wa mjini waliipa jina la rolex. Chakula hiki kimeenea nchi nzima kwa sababu tatu: ni rahisi, kinashibisha, na mtu hukila kwa mkono mmoja. Askari hana haja ya kuelezwa faida ya sababu ya tatu.

Yapata kilometa 75 kutoka Kampala, mahali paitwapo Kayabwe, mstari wa Ikweta unaikata barabara, na kila upande wa lami umesimamishwa mviringo mweupe wa saruji ambao watu hupigia picha. Kuna mikahawa, maduka ya vinyago, na vijana wenye mabeseni matatu. Kijana humimina maji katika beseni la kaskazini, yakazunguka yakishuka tunduni kwa upande mmoja. Katika beseni la kusini yakazunguka kinyume. Na katika beseni la katikati yakashuka moja kwa moja. Wageni hupiga makofi, wakalipa. Mwalimu, ambaye hufundisha sayansi darasa la sita, alimtazama kijana kwa muda, kisha akamwambia kwa upole: "Mwanangu, hebu sasa mimina kwa kuanzia upande wa pili." Kijana akacheka sana, asimimine. Ukweli ni kwamba mzunguko wa dunia hupindisha pepo na mikondo ya bahari, na hata wapiga mizinga ya masafa marefu hulazimika kuuweka katika hesabu zao. Lakini ndani ya beseni, hatua chache tu toka kwenye mstari, nguvu hiyo ni hafifu mno, na kinachoamua ni jinsi maji yalivyomiminwa. Hata hivyo tulimlipa, kwani mchezo ulikuwa mzuri. Kahawa tuliyokunywa hapo ilikuwa ya moto na ya bei ya watalii.

Toka hapo barabara inateremka na kuingia Lwera, bonde la mafunjo linalopakana na Ziwa Viktoria. Wavuvi husimama kando wakiinua sato waliotungwa kwenye vijiti, na kila motokaa ikipunguza mwendo wanakuja mbio. Humo ndimo unamopita mto Katonga, ambao majeshi mengi yameufahamu kwa uchungu. Mwishoni mwa mwaka 1985 mstari wa mbele kati ya NRA na jeshi la serikali ya wakati huo ulikuwa papo hapo darajani. Hata maji yenyewe yana vita vyake: mafuriko ya Mei 2023 yalikiharibu kivuko hicho, barabara kuu ikafungwa, na magari yakalazimika kuzungukia njia za ndani za Mpigi na Sembabule.

Mbele kidogo ni Lukaya. Msafiri wa leo anaijua Lukaya kwa nyama choma na gonja, yaani ndizi tamu zilizochomwa mkaani, na kusema kweli ni haki yake. Lakini mtu aliyepita chuo cha makadeti hawezi kutafuna pale bila ya kukumbuka usiku wa tarehe 10 Machi 1979. Katika vita vile vilivyoanza baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera mwezi Oktoba 1978, brigedi moja ya Tanzania ilirudishwa nyuma hapo Lukaya na majeshi ya Amin yakisaidiwa na Walibya. Asubuhi ya pili ikajipanga upya na kushambulia kwa mbele, huku brigedi nyingine ikizunguka na kupiga kwa ubavu. Baada ya siku ile njia ya kuelekea Kampala ikawa wazi. Tulimweleza Mwalimu habari hiyo kwa kutumia vijiti vya nyama na maganda ya gonja, kijiti hiki brigedi hii, ganda lile mabwawa. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hatukupata kuulizwa darasani: "Na hawa wanaouza nyama, wazee wao siku hiyo walilala wapi?" Mama mmoja mzee aliyekuwa akigeuza ndizi aliinua mkono akauelekeza kwenye mafunjo, akaendelea na kazi yake.

Masaka yenyewe ilitekwa tarehe 24 Februari 1979 na ikabomolewa vibaya, na kwa miaka mingi magofu yalikuwa sehemu ya mji. Leo ni mji wa biashara wenye pilikapilika, na nchi inayouzunguka ni nchi ya kahawa. Mti wa kahawa aina ya robusta ni wa asili katika misitu ya pande hizi za Afrika, na Waganda walikuwa wakitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa kabla ya mtu yeyote kuwaletea kikombe. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu waligawana buni moja iliyopakwa damu yao, na undugu huo haukuvunjika. Lakini ukiingia katika hoteli ya kawaida hapa ukaagiza kahawa, mara nyingi utaletewa chai ya maziwa, kwani wanaolima kahawa wengi hunywa chai! Tulipata mgahawa mmoja mdogo karibu na kituo cha mabasi ambao mwenyewe huikaanga kahawa uani. Tukanywa vikombe viwili viwili. Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipopita ada na magonjwa ya watoto kwa mara ya kwanza. Tulicheka habari za mwalimu mkuu fulani na kofia yake, habari ambayo haihusiani na makala haya.

Kati ya Masaka na Lyantonde askari wa usalama barabarani alitusimamisha. Alikuwa koplo kijana, amesimama vizuri, na kanzu yake ya kung'aa ilikuwa safi. Afande alitoa leseni ya udereva, si kitambulisho cha kazi, akafungua buti akaonyesha pembe tatu za kuakisi na kizima moto. Koplo akatutakia safari njema. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa maana wako wenzetu ambao kitambulisho cha jeshi ndicho leseni yao, ndicho bima yao, na ndicho breki zao. Barabara hii ni ya malori ya masafa marefu yaendayo Rwanda na Kongo, nayo hayasomi vyeo. Tulikuwa tumekwisha kukubaliana kwamba jua likizama sisi tumelala, na tulilishika agano hilo safari nzima.

Baada ya Lyantonde nchi inafunguka. Vilima vinakuwa vya majani mafupi, migunga imetawanyika, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu wanatembea taratibu kana kwamba barabara ilitengenezwa kwa ajili yao. Karibu na Sanga, upande wa kushoto, ipo hifadhi ya Ziwa Mburo iliyofanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Na kwa kuwa punda milia hawakusoma tangazo la mipaka, huonekana wakilisha pamoja na ng'ombe nje ya hifadhi. Tuliwaona kumi na wawili, Mwalimu akawahesabu mara mbili. Huko ndiko walipo pia swala pala, ambao husemekana kwamba jina lao kwa Kiingereza ndilo lililoupa mji wa Kampala jina lake.

Kabla ya kufika Mbarara kuna kilima cha Biharwe, ambapo umejengwa mnara wa ukumbusho wa kupatwa kwa jua. Simulizi za Nkore zinasema kwamba Olimi, mfalme wa Bunyoro, alikuwa akirudi kwao na mateka ya ng'ombe wengi. Alipofika Biharwe, jua likafa mchana, giza likashuka, na jeshi lake likaingiwa na hofu likakimbia na kuacha mifugo yote. Ntare Nyabugaro wa Nkore akawapata ng'ombe bila kutupa mkuki. Wataalamu wa nyota walipopiga hesabu waliona kwamba jua lilipatwa katika pande hizi tarehe 17 Aprili 1520, na hivyo wanahistoria wakapata tarehe ya kushikilia katika historia ya falme zisizokuwa na maandishi. Si mara nyingi jeshi hushindwa na kivuli cha mwezi.

Karibu na hapo pana jumba la makumbusho la Igongo na hoteli yake, nasi tukala mlo mkuu wa safari yetu. Wale wa vikosi vya magharibi watatusamehe tukieleza wanayoyajua, kwani wenzao wa Gulu na Moroto hawayajui. Eshabwe ni mchuzi mweupe wa samli. Samli safi huoshwa kwa maji baridi, ikatiwa maji yaliyochujwa ya chumvi ya mawe, kisha hupigwa kwa mkono na kwa subira mpaka inageuka kuwa nyeupe na laini kama povu. Haipikwi, na huliwa baridi. Kazi hiyo ina mikono yake: nyumba nyingine inasifika kwa eshabwe, na nyingine, hata ikiwa na ng'ombe mia, haiwezi. Huliwa na karo, ugali wa ulezi unaotiwa unga kidogo wa muhogo, ambao huletwa mezani katika kikapu chenye kifuniko ili usipoe. Ipo pia firinda, maharage yaliyolowekwa na kumenywa ngozi moja moja, kisha yakapikwa mpaka yakawa kama uji mzito. Arusi ya Ankole isiyo na eshabwe ni mkutano tu. Mwalimu, kwa kuwa ni Mfumbira wa viazi na maharage, alilionja tonge la kwanza kwa mashaka, la pili kwa adabu, na la tatu bila ya kuhimizwa.

Tulilala Mbarara katika nyumba ya wageni ya kawaida yenye maji ya moto ya ndoo. Asubuhi tulikunywa maziwa, kwani kuondoka Mbarara bila ya kunywa maziwa ni kama kuondoka Jinja bila ya kutazama Nile. Tukaongezea katogo, yaani ndizi za kupika zilizochanganywa na matumbo ya ng'ombe katika chungu kimoja. Huo ndio mlo unaoweza kumpeleka dereva mpaka jioni.

Toka Ntungamo barabara inaanza kupanda, na motokaa yetu ikaanza kulalamika. Milima ya Kigezi inalimwa hadi kileleni, mashamba yamepangwa kwa matuta kama ngazi, kijani hiki juu ya kijani kile. Watu hupita wakaviita vitu hivyo mandhari, lakini ni kazi ya mikono. Katika miaka ya 1940 maofisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni walisisitiza sana ujengaji wa matuta ya kuzuia mmomonyoko, na baadhi ya watu wakahamishwa kwenda nchi zisizo na msongamano. Lakini Wakiga walikuwa wakulima hodari kabla ya ofisa yeyote kufika, na jembe lilikuwa lao. Mtu anayedhani kwamba kuchimba handaki katika mawe ni kazi ngumu kuliko zote na aende akamtazame mama wa Kikiga akilima mahali ambapo mbuzi husimama kwa wasiwasi.

Kabale ni mji wa baridi, ulioinuka karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Vitabu vya utalii huiita Uswisi ya Afrika. Sisi hatukuona haja ya kuikopea jina. Tulikunywa bushera, uji mwepesi wa mtama uliochachishwa kidogo, mtamu wenye ukali kwa nyuma, tukashuka upande wa pili kilometa chache hadi Ziwa Bunyonyi.

Kuhusu ziwa hili tungependa kukaa kidogo, kwa maana ndiko tulikokaa. Lava ya milima ya volkano ililiziba bonde zamani za kale, maji yakajaa mabonde yote madogo, ndiyo sababu kingo zake zimepindapinda kama kidole kinachotafuta kitu. Visiwa vyake ni 29. Halina mamba wala kiboko. Jina lake lina maana ya mahali pa ndege wadogo wengi, na alfajiri ndege hao wanalithibitisha kwa sauti. Tulikodi chumba cha mbao kilichotazama maji, tukala kamba wa maji baridi, ambao waliletwa ziwani na wanadamu na sasa ni chakula cha sifa cha mahoteli ya hapo: hupikwa kwa kitunguu na pilipili, wakaletwa na viazi vya Kabale vilivyokaangwa. Viazi ndivyo vilivyoshinda.

Siku ya tatu tulipanda mtumbwi wa gogo lililochongwa. Mwenyeji wetu, mzee mmoja mwenye mikono kama mizizi, alitueleza kwamba mtumbwi huo humfahamu mgeni: akipiga kasia peke yake humzungusha palepale kama pia. Alitupitisha kando ya kisiwa cha Bwama, ambako Daktari Leonard Sharp, mmisionari wa Kiingereza, alianzisha makao ya wagonjwa wa ukoma mwaka 1931, wakati ambapo mwenye ukoma alifukuzwa kila mahali. Baadaye ugonjwa ulipopata dawa makao yakafungwa, na majengo yakawa ya shule. Kisha akatupitisha karibu na Akampene, kisiwa kidogo mno chenye mti mmoja na majani. Hapo, kwa desturi ya zamani, msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa aliachwa afe kwa njaa au azame akijaribu kuogelea. Na kijana maskini asiyekuwa na ng'ombe wa mahari aliweza kuja kwa mtumbwi kumchukua bure.

Mwalimu alikitazama kisiwa kile kwa muda mrefu. "Na yule kijana aliyempa mimba," akasema, "yeye aliachwa kisiwa gani?" Mzee akapiga kasia mara mbili tatu asijibu.

Labda ni kimya kile kilichotufungua vinywa. Tuliposhuka tukakaa juu ya nyasi, na jambo lile la miezi mitatu likatoka lenyewe. Mwalimu alisema hivi: "Afande, wewe ukiwa huko una wenzako mia mnaoangaliana. Ukiugua yupo daktari, ukihuzunika yupo padre wa kikosi. Mimi nikiugua usiku namwamsha mtoto wa miaka minane." Maneno hayo hayakusemwa kwa hasira, ndiyo maana yalikuwa mazito. Afande naye alisema lake: kwamba mkubwa yu karibu na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na kumhamisha mwaka kama huo ni kumvuta mtu ngazini akiwa juu. Hilo nalo lilikuwa kweli. Tulikaa na kweli mbili hadi jua likazama, tukaenda kula, tukalala bila ya uamuzi, lakini pia bila ya kuliruka lile jambo.

Toka Kabale hadi Kisoro si zaidi ya kilometa 80, na kwa rai yetu hakuna barabara nzuri kuliko hiyo katika nchi hii. Kabla ya lami kukamilika, mwanzoni mwa miaka ya 2010, matope yake yalikuwa habari nyingine. Inapita Muko, ambapo unauona mkia wa Bunyonyi ukiishia mafunjoni. Inapita karibu na Kalengyere, kwenye kituo cha utafiti wa viazi. Inapita msitu wa Echuya wenye mianzi na ukungu, ambapo saa nne ya asubuhi tuliwasha taa za motokaa. Mara ukafika mlango wa Kanaba, ukungu ukakatika kama pazia, na milima mitatu ikasimama mbele: Muhavura wenye meta 4,127, Mgahinga uliobonyea katikati, na Sabinyo yenye vilele vilivyovunjika kama meno ya mzee, ambayo ndiyo maana ya jina lake, na ambayo juu yake Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana. Muhavura maana yake ni kiongozi, kwani huonekana kutoka mbali na humwonyesha msafiri njia. Mwalimu aliomba tusimame. Alitoka akasimama kando ya barabara kwa dakika kumi hivi, mtandio wake ukipepea, na sisi tunaoandika hatutasema alikuwa akifikiri nini, kwa kuwa mwenye habari hiyo ameikataza.

Kisoro ni mji mdogo wenye historia kubwa kuliko kimo chake. Nchi hii ya Bufumbira iliingia upande wa Uganda kwa mkutano wa Brussels wa mwaka 1910, ambapo Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji waligawana milima ambayo wengi wao hawakupata kuipanda. Hapo mjini ipo hoteli ya Travellers Rest, iliyoshikwa na Mjerumani Walter Baumgärtel toka mwaka 1955, mmoja wa watu wa kwanza kuwapeleka wageni kuwaona masokwe wa milimani. Mwaka 1967 Dian Fossey, mtafiti wa Kimarekani, alipotoroka machafuko ya Kongo, alifikia katika hoteli hiyo, na mwezi Septemba mwaka huo huo akaanzisha kambi yake ya Karisoke upande wa Rwanda. Tulikunywa chai bustanini pale, polepole, kwa kuwa ilikuwa chai ya kukopewa na bajeti ya siku ya sita.

Mama mkwe wetu anakaa nje ya mji, upande wa njia ya Bunagana, katika shamba lililozungushiwa ukuta wa mawe meusi ya volkano. Kila mkulima huko ana ukuta kama huo, kwani ili kupata udongo ni lazima kwanza kuyaokota mawe. Mwezi Juni 2022, mji wa Bunagana upande wa Kongo ulipotekwa na waasi wa M23, maelfu ya watu walivuka kuja Kisoro, na mama huyu aliwalaza watu tisa jikoni mwake kwa siku nne, wageni asiowajua. Alitueleza habari hiyo huku akitumenyea viazi, kama mtu anayeeleza kuwa mvua ilinyesha. Chakula chake kilikuwa viazi, maharage mekundu, mboga ya dodo na asali kutoka mlimani. Tumekula katika hoteli za nyota kadha kwa sababu ya kazi, na hatukupata kula maharage kama yale.

Mwalimu alipomweleza shauri la kuhamia, tulitazamia kwamba mama atafurahi. Akanyamaza kwanza. Halafu akasema: "Mwanangu, nyumba ina nafasi. Lakini usije kwa ajili yangu mimi, maana mimi nitakufa, na wewe utabaki hapa ukiuliza kwa nini ulikuja. Njoo kama kazi yako iko hapa." Kisha akamgeukia afande. "Na wewe mkwe, ukiwa huko kwa watu, utalala vizuri watoto wakiwa wapi?"

Kesho yake tulikwenda kwa miguu hadi shule ya msingi iliyo karibu. Tulihesabu madarasa na madawati, tukakiona kisima na vyoo. Mwalimu mkuu alituambia kwamba darasa la tano halina mwalimu wa sayansi. Tulirudi kwa njia ya shambani, na kabla ya kuufikia ukuta wa mawe tulikuwa tumekwisha kupatana: Mwalimu ataomba uhamisho kwa muhula wa kwanza wa mwaka ujao na kuja na mtoto mdogo, mkubwa atabaki kwa shangazi yake mpaka amalize mtihani wake mwezi Novemba, kisha atawafuata. Hakuna aliyepata yote aliyoyataka. Barua iliandikwa jioni ile ile mezani kwa mama, kwa mwanga wa taa ya jua, na ilifutwa na kuandikwa mara tatu kwa sababu mmoja wetu anapenda sentensi fupi za kijeshi na mwingine ni mwalimu.

Siku ya sita tuliondoka kabla ya mapambazuko kuchomoza vizuri, tukavuka Kanaba bila ya kuona kitu kwa ukungu, tukasimama Mbarara kwa maziwa na Lukaya kwa gonja, tukafika kambini saa kumi na moja na nusu ya jioni. Mlinzi wa lango aliinama akachungulia nyuma ya motokaa, akaona jinsi springi zilivyolala, akauliza ni mzigo gani. Yalikuwa magunia mawili ya viazi, dumu la asali, na kuku jike mmoja aliyesafiri kilometa karibu 500 bila ya kulalamika. Barua ilipelekwa ofisi ya elimu Jumatatu iliyofuata.